Ile antena niliyowafundisha ilianguka

Wasee, leo sina video. Someni tu, kwa sababu hii story nikiisema mbele ya kamera nitaanza kufanya utani, na si mambo ya utani.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video ya Februari. Nimesimama juu ya paa la nyumba ya mamangu hapa Kilifi, nimeshika antena ya fito tatu niliyojitengenezea, na kwenye redio ndogo ya mkono unasikika ule mlio wa kituo cha anga za juu, ISS, kikirusha picha kwa masafa ya 145.800 MHz. Kituo kiko juu huko kama kilomita 400, na mimi niko na vibomba vya aluminiamu vilivyobaki kwa fundi wa madirisha. Mlipenda. Mkashare mpaka nikachoka kujibu komenti. Niliwaambia, na mimi mwenyewe niliamini, kwamba mtu yeyote anaweza kuitengeneza kwa siku moja.

Hilo bado ni kweli. Ila sikuwaambia itakaa siku ngapi, kwa sababu sikujua na sikujiuliza.

Mwezi wa sita, usiku mmoja wa kusi kali, ikaanguka. Sikusikia kitu. Asubuhi mapema mama wa jirani akabisha. Huyu mama huchoma mahamri alfajiri kwenye ua wake, na wajukuu wake hukaa kwenye benchi pale wakingoja ya moto kabla ya kwenda shule. Alikuwa ameshika ufito mmoja, umekatika ncha kali kama mkuki.

"Mwanangu, hiki ni chako?"

"Shikamoo mama. Ni changu, samahani sana."

"Marahaba. Nimekiokota kwenye benchi la watoto."

Akanipa, akarudi kwa mahamri yake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ningenyamaza hapo, kusema ukweli. Nani angejua? Lakini wiki hiyo hiyo msichana mmoja kutoka Kisumu akanitumia picha akiwa na furaha, amemaliza kutengeneza yake kwa kufuata video yangu. Nikaizoom. Vikamba vile vile vyeupe vya plastiki. Tundu lile lile katikati ya ufito. Na ameifunga juu ya mlango wa kuingilia nyumbani kwao. Nilimpigia simu muda huo huo nikamwomba aishushe. Halafu nikakaa nikifikiria, je, wale ambao hawakunitumia picha?

Kwa hivyo hii posti ni yenu. Niliikusanya antena yangu vipande vipande, nikaitandaza sakafuni, nikaikagua kama maiti. Haya ndiyo niliyoyakuta.

La kwanza ni lile tundu. Nilitoboa bomba katikati nikapitisha bolti ya kuufunga ufito kwenye mgongo wa antena. Bomba lenyewe ni la milimita 8 tu, ukilitoboa umebakisha nini? Tena mimi nilidhani upepo mkali ndio adui. Kumbe hata upepo mwepesi usiokatika unalifanya bomba litetemeke, mchana na usiku, na kila mtetemo unapanua ufa kidogo pale pale penye tundu. Miezi minne ufa unakua na mimi niko chini napiga selfie. Usiku ule upepo ulimalizia tu kazi iliyokuwa imeshaanza.

La pili, vile vikamba vyeupe vya plastiki vya kukazia waya. Hivyo ni vya ndani ya nyumba. Jua letu linavikausha mpaka vinakuwa kama biskuti. Nilikibonyeza kimoja kwa kidole kikavunjika. Vyeusi vya kustahimili jua vinavumilia zaidi, lakini hata hivyo kazi yake ni kushikilia kebo, si kushikilia uzito.

La tatu liliniuma, kwa sababu hili nilisoma darasani. Nilikaza shaba ya kebo moja kwa moja kwenye aluminiamu. Shaba na aluminiamu zikigusana na kukawa na unyevu wa chumvi, umetengeneza betri ndogo, na anayeliwa kwenye hiyo betri ni aluminiamu. Pale kwenye kiungo nilikuta unga mweupe. Nikakumbuka kwamba tangu Mei redio ilikuwa inapokea kwa shida, nami nikawa nalaumu mawingu.

La nne, maji. Niliziba kiungo cha kebo kwa ile silikoni inayonuka siki. Ule ni asidi, na unakula shaba. Isitoshe kebo niliishusha moja kwa moja hadi dirishani, kwa hiyo maji ya masika yaliifuata kama barabara.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, karo ikanishinda. Huwa nawaambia kwa mdomo mpana kwamba kila kitu kiko kwenye simu, darasa si lazima. Sasa hapa niwe mkweli. Hesabu ya antena hii ni ya zamani, ilitoka Japani mwaka 1926 kwa Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na urefu wa fito zangu ulikuwa sahihi. Mawimbi yaliniitikia. Lakini darasani fito tulizichora kama mistari kwenye karatasi, na mstari hauna uzito, haushiki kutu, haupigwi na kusi. Kwenye simu nako nikatazama video za watu waliofanya kama mimi, siku ya kwanza, jua linawaka, kila kitu kinang'aa. Sikuona hata mmoja akirudi baada ya mwaka mmoja kutuonyesha ilivyo.

Aliyenisaidia ni mzee fundi wa boti pale creek. Nilimpelekea vipande. Hakuuliza masafa wala redio. Aliuliza, "Kijana, umechanganya chuma gani na chuma gani?" Swali moja tu. Basi nikakaa naye siku mbili nikimshikia vyombo, na haya ndiyo nimefanya upya.

Ufito hautobolewi katikati. Nimeuvalisha bomba fupi nene zaidi kwa nje, halafu nikaukaza na klipu ya stenlesi kutoka nje. Ndani ya kila bomba nimepitisha kamba nyembamba urefu wote. Kamba ile inakula mtetemo, hata ukiupiga ufito kwa kidole hauvumi tena. Ncha zote nimeziziba, nikaacha kitundu kidogo upande wa chini karibu na ncha ili jasho la ndani litoke. Pale hakuna mkazo.

Bolti, nati na washa zote ni stenlesi. Bei yake ilinifanya nikae chini kidogo. Zipake grisi kabla ya kukaza, la sivyo nati zitang'ang'ania na hutazifungua tena. Shaba haigusi aluminiamu, kati yao kuna washa ya stenlesi, na juu ya kiungo kizima grisi ya kuzuia hewa na chumvi.

Kiungo cha kebo nimekifunga kwa ile tepu ya mpira inayovutika na kushikana yenyewe, halafu juu yake tepu nyeusi ya umeme. Raundi ya mwisho unaanza chini kwenda juu, kama fundi wa makuti anavyopanga paa, ili maji yateleze badala ya kuingia. Na kebo kabla ya kuingia ndani iache ining'inie chini kidogo kama tumbo. Maji yatadondokea hapo.

Jambo la mwisho mzee alinilazimisha, na mngefanya hili peke yake ningeshukuru. Kamba ya pili. Kamba nzuri isiyoharibiwa na jua, imefungwa kwenye mgongo wa antena na kwenye nguzo, haina kazi yoyote mpaka siku kila kitu kingine kimeshindwa. Siku hiyo antena itaning'inia, haitaruka. Kumbukeni upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne. Usipige hesabu na upepo wa leo.

Pia angalia chini na pembeni. Nguzo yako ikilala yote kwa urefu wake, itafika wapi? Ikiwa inafika kwenye nyaya za stima, usiisimamishe hapo, hata kwa siku moja. Ikiwa inafika mahali watoto hukaa, hapo pia si pake. Yangu nimeihamishia upande wa pili wa nyumba, juu ya shimo la takataka. Redio haipokei vizuri kama mwanzo kwa sababu kuna mnazi unaziba upande mmoja. Ni sawa tu.

Video ya Februari sijaifuta. Kuifuta ni kujificha, na walioshaitazama hawatapata habari. Nimeweka maandishi makubwa mwanzoni na kiungo cha kuja hapa. Kama unamjua mtu aliyeitengeneza, mtumie hii. Na kama uliitengeneza wewe, wikendi hii ishushe uikague pale katikati ya fito, hata kama inapokea poa. Yangu ilikuwa inapokea vizuri huku ufa unakua.

Antena mpya iko juu tangu Agosti. Msiniulize video yake. Nitaipiga kusi ijayo ikishapita, na ikiwa imeanguka nitawaonyesha imeanguka.