Mgongo wa Mwenzako

Mwanangu,

Magoti yangu hayakubali tena tatami, mkeka wetu wa judo, kwa hiyo niliyozoea kukwambia nikikukazia mkanda, leo nayaandika. Nimesikia umetia nia ya Olimpiki ya Los Angeles 2028. Nia njema ni tabibu. Sina mali ya kukuachia, pokea maneno.

Kwanza, kijue unachokitafuta. Pambano la Olimpiki ni dakika 4, na ippon moja, yaani ushindi kamili, hulimaliza hata mama yako hajakaa sawasawa mbele ya televisheni. Jasho la miaka linaweza kwisha kwa sekunde 10. Uzoeshe moyo wako hilo mapema.

Pili, na ndiyo sababu ya barua hii: mkimbiaji huweza kukimbia ufukweni peke yake, lakini wewe hujifunzi kutupa mpaka apatikane wa kutupwa. Uchi-mata yako, mtupo wako unaosifiwa, imelipiwa na migongo ya wenzako, jioni baada ya jioni. Jigoro Kano, mwasisi wa judo aliyeanzisha chuo cha Kodokan mwaka 1882, alifundisha kwamba wawili wanaoshikana hustawi pamoja.

Mimi somo hilo nililijua mdomoni tu. Siku walipokuja wateuzi wa timu, nilimtupa mwenzangu kwa nguvu isiyo na haja ili nionekane. Bega lake likatoka. Nalisikia mpaka leo. Timuni niliingia. Lakini tangu siku ile, kila niliyemwita tushikane alikuwa na udhuru: huyu mgongo unamuuma, yule ana safari. Bila wa kushikana naye nikadumaa, na mwaka uliofuata nikaachwa.

Mtazame Anton Geesink, Mholanzi. Tokyo 1964, judo ilipoingia Olimpiki, alimshinda Akio Kaminaga mbele ya Wajapani wenyewe. Mashabiki wake walipotaka kuvamia tatami kwa furaha, aliwanyooshea mkono wakome. Aliyeshindwa alikuwa bado hajapewa heshima yake.

Mtazame pia Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu. Vita vilimtoa kwao akiwa mtoto. Mwaka 2013 alikwenda Rio kwa mashindano ya dunia, akabaki kuomba hifadhi. Kocha Geraldo Bernardes alimpokea dojoni, na vijana wa Brazil wakampa migongo yao. Mwaka 2016, akiwa katika timu ya wakimbizi ya Olimpiki, alishinda pambano la kwanza, akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa 2015. Medali hakupata, lakini asingefika hata hapo kama asingepata wa kushikana naye.

Basi nakuusia: mwenzako akigonga tatami kujisalimisha, mwachie papo hapo. Ukimtupa, ushike mkono wake mpaka atue salama. Na ukirudi kutoka Los Angeles, uwe na medali au mikono mitupu, jioni ya kwanza dojoni usitupe mtu. Jipange mstarini na watoto, utupwe wewe.

Mungu akulinde.

Mwalimu wako.