Kosa namba 20, mpakani Lwakhakha

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu ni ghala moja la mahindi na kahawa pale Lwakhakha, mwendo mfupi tu kutoka daraja la kuvukia Uganda. Leo naandika kuhusu lile kosa la muunganisho salama linalotokea leo, kesho halitokei, kesho kutwa linarudi. Tena linaonekana kwenye Linux na kwenye Windows halionekani kabisa. Kama unaandika programu zinazoongea na seva za watu wengine kwa HTTPS, utakutana nalo tu, ni suala la lini.

Hali ilikuwa hivi. Karani wa ghala ana kompyuta ya mezani ya mitumba yenye Ubuntu, na juu yake programu niliyowaandikia kwa Python. Mkulima akipimiwa magunia yake, karani anabonyeza, programu inaongea na seva ya kampuni ya malipo, na pesa zinaingia kwenye simu ya mkulima. Mzee mwenye ghala ana laptopu yake ya Windows 10, na hufungua tovuti ya kampuni hiyo hiyo kwa kivinjari. Halafu kuna kijana anayezunguka mashambani kununua, yeye ana simu ya Android 6.

Simu ya kijana iligoma moja kwa moja, kila siku. Laptopu ya mzee haikuwahi kugoma hata mara moja. Kompyuta ya karani iligoma inapotaka. Na hapo ndipo maneno yalipoanza, kwa sababu malipo yakikataa mkulima hasubiri. Wengine wanatoka ng'ambo ya mto na wanataka kuvuka kabla giza halijaingia. Karani alikuwa anawapa pesa taslimu kutoka kwenye droo na kuandika kwenye daftari. Mwisho wa mwezi ikaonekana wakulima tisa wamelipwa mara mbili, na mzee akaamua karani atakatwa mshahara mpaka pesa zirudi. Nilipofika hakuna aliyetaka kusikia habari za vyeti. Swali lilikuwa ni nani mwizi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mtandao wa simu, kwa mfano: pale mpakani simu hushika mnara wa Uganda bila kukuuliza. Lakini mtandao mbovu hukupa kosa la kuchelewa au la kukatika, haukupi kosa la cheti. Wengine wakasema ni saa, kwamba ukishika mnara wa Uganda saa inabadilika. Haibadiliki. Kenya na Uganda zote ziko saa tatu mbele ya UTC. Hata hivyo saa ni jambo la kuangalia kwanza daima. Kompyuta ya mitumba ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika inarudi miaka ya nyuma, na hapo kila cheti kinaonekana hakijaanza kutumika. OpenSSL hulipa kosa hilo namba 9. Cheti kilichokwisha muda ni namba 10. Sisi tulikuwa tunapata namba 20, maana yake programu imeshindwa kumpata aliyetoa cheti.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua. Seva ikikusalimia inakupa cheti chake. Cheti hicho kimetiwa sahihi na cheti cha kati, na cheti cha kati kimetiwa sahihi na cheti cha mzizi. Mashine yako ina orodha ya vyeti vya mzizi tu. Kwa hiyo seva inatakiwa ikukabidhi cheti chake PAMOJA na cha kati, wewe umalizie na mzizi ulio nao. Ni kama kijana anayekuja kuposa: wewe unamjua babu yake, lakini lazima aje na baba ili ujue kweli ni wa nyumba ile.

Sasa, seva ikisahau kumleta baba, mifumo endeshi haifanyi jambo moja. Windows husoma ndani ya cheti anwani ya mahali cheti cha kati kinapopatikana, inakwenda kukichukua yenyewe, inakiweka, na wewe hujui kitu. Firefox haiendi kukitafuta, lakini tangu toleo la 75 la mwaka 2020 inatembea na vyeti vya kati vinavyojulikana, tayari mkobani. OpenSSL, ambayo ndiyo Python na curl hutumia kwenye Ubuntu, haifanyi lolote kati ya hayo. Inakataa tu. Ndiyo maana kwenye kompyuta hiyo hiyo ya karani tovuti ilifunguka vizuri kwa Firefox huku programu yangu ikilalamika. Kama hujui hili utaapa kwamba kosa ni la programu, na mzee aliapa.

Lakini kama seva imesahau cheti, mbona wakati mwingine ilikubali? Aliyetoa jibu ni karani na daftari lake. Alikuwa ameandika saa ya kila malipo yaliyogoma, kwa saa za Kiswahili kama mtu yeyote, na logi ya programu iko kwa UTC. Ukifanya hesabu, saa mbili asubuhi ya karani ni 05:00 kwenye logi, saa tisa alasiri ni 12:00. Ongeza tatu tu. Nilipooanisha nikaona makosa hayakutawanyika ovyo. Yalikuja kwa mafungu, dakika kadhaa mabaya, dakika kadhaa mazuri. Hiyo ni dalili ya seva mbili nyuma ya jina moja. DNS ilikuwa inatoa anwani mbili za IP kwa kupokezana, na kompyuta ikishaipata moja inakaa nayo kwa muda.

Basi usiiulize jina, ziulize anwani moja moja. (Nimebadilisha jina na anwani.)

openssl s_client -connect 192.0.2.10:443 -servername malipo.example -showcerts

openssl s_client -connect 192.0.2.20:443 -servername malipo.example -showcerts

Ya kwanza ilitoa vyeti viwili na mwishoni ikaandika 0, yaani shwari. Ya pili ilitoa cheti kimoja pekee, ikatupa kosa 20, ikamalizia na 21. Dakika tano za kazi, baada ya siku mbili za kubishana. Cheti kilitolewa na Let's Encrypt, na anayetumia certbot anajua kuna faili mbili zinazokaa jirani, cert.pem na fullchain.pem. La kwanza lina cheti chenyewe tu, la pili lina mnyororo. Kuchukua faili lisilo lenyewe kwenye seva moja kati ya mbili kunatosha kuleta picha kama hii.

Niliwaandikia kampuni. Jibu la kwanza: "Kwetu inafunguka vizuri." Bila shaka inafunguka, kama unapima kwa kivinjari kwenye Windows! Nikawatumia matokeo ya anwani zote mbili, moja chini ya nyingine. Siku ya pili seva ikatengenezwa.

Katikati hapo mzee aliniambia, "Kijana, hizo kufuli zako zitoe, watu wanataka pesa." Inawezekana, ni neno moja tu kwenye Python, verify=False, na curl ina -k yake. Nilimwambia, "Mzee, nikizitoa, mtu yeyote aliyekaa kati yetu na ile seva anaweza kujifanya ndiye seva, na sisi tutamkabidhi nywila ya kulipia kwa mikono yetu." Hakufurahi. Nilichofanya ni kupakua cheti cha kati kutoka kwa Let's Encrypt wenyewe, kulinganisha alama yake, na kukiongeza kwenye faili la vyeti linalosomwa na programu ile peke yake. Ni kiraka cha siku chache, maana Let's Encrypt hubadilisha vyeti vya kati, lakini ukaguzi unabaki palepale.

Tukarudi kwenye wakulima tisa. Kosa la cheti hutokea wakati wa kusalimiana, kabla ombi la malipo halijatumwa. Kwa hiyo malipo yaliyogoma kwa karani hayakutoka kabisa, hayangeweza "kuchelewa kuingia" baadaye. Basi nani alilipa mara ya pili? Tukafungua historia kwenye tovuti ya kampuni. Yote tisa yalitumwa jioni, kwa akaunti ya mzee, kutoka kwenye laptopu. Alikuwa anaona "haijalipwa" na anabonyeza, na kwake ilikubali kila mara kwa kuwa Windows ilikuwa inajitafutia cheti. Daftari la karani lilikuwa na taslimu zote tisa, tarehe na saa. Mzee alikaa kimya, akaomba chai. Mshahara ulirudishwa wiki hiyo.

Na ile simu ya Android 6? Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Android kabla ya 7.1.1 haina mzizi wa Let's Encrypt, ISRG Root X1. Mzizi wa zamani waliouegemea, DST Root CA X3, uliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Ili simu kuukuu zisizimike walipata sahihi ya ziada kutoka kwa mzizi huo huo unaoisha, wakitegemea kwamba Android haiangalii tarehe ya mwisho ya mizizi yake. Simu zikaendelea, lakini mnyororo huo huo ukaziangusha Linux zenye OpenSSL 1.0.2, ambazo tarehe huziangalia! Dawa ya huyu sumu ya yule. Sahihi hiyo nayo iliisha 30 Septemba 2024, na hakuna seva itakayoitengenezea simu ya kijana tiba. Mzee amemnunulia nyingine. Ile ya zamani iko juu ya mizani pale ghalani, inacheza redio.