Kodi ya Jengo na Umri wa Baba Mkubwa

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Kasulu kwa likizo ya siku kumi, na siku tatu kati ya hizo zimeliwa na shilingi 1,500.

Aliyeanzisha ni mpangaji. Baba mkubwa wangu ni mtu wa Kitanga, ila nyumba aliyojenga iko Kasulu mjini, ya matofali ya kuchoma, na vyumba viwili vya ubavuni amempangisha mwalimu mmoja. Ukuta mmoja, paa moja. Januari 2024 akaweka mita ya pili ili wasigombane kuhusu umeme. Kweli, waliacha kugombana kuhusu umeme, wakaanza kugombana kuhusu kodi. Kila mwezi mwalimu akinunua luku anakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, naye kila mwezi anaipunguza kwenye pango. "Mzee, jengo si langu," anasema, na ana haki. Huku mita ya baba mkubwa nayo inakatwa 1,500 yake. Jengo moja, makato mawili. Nilipofika Agosti 2025 ilikuwa imetimia miezi 20, yaani shilingi 30,000.

"Wewe si mwandishi wa habari?" baba mkubwa akaniambia. "Basi nenda kawaambie."

Kwa wale ambao hawajawahi kujiuliza ile hela inayokatwa kwenye luku ni ya nini: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia mita za umeme. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Usiponunua umeme miezi mitatu usifikiri umepona, deni linakusubiri. (Na tusichanganye mambo, kodi ya pango la ardhi ni nyingine kabisa, ina foleni yake.)

Mimi nilikwenda nikiwa na picha ya kukata rufaa kama zile za kwenye vitabu. Sheria ya kodi za majengo mijini ya mwaka 1983 ilijengwa juu ya uthamini: mthamini anakuja, anaangalia jengo, thamani inaandikwa kwenye daftari, na wewe ukiona amekuzidishia unakwenda kwenye baraza kubishana naye. Nairobi walikaa na daftari la thamani la miaka ya 1980 kwa takriban miaka 40, na lilipokuja jipya watu wakakimbilia mahakamani. Sasa Kasulu utabishana na nani kuhusu thamani? Nyumba ya baba mkubwa yenye ufa sebuleni na ile ya jirani yenye vigae zinalipa 1,500 sawasawa. Thamani haimo kwenye hesabu. Kilichobaki cha kupinga ni taarifa: mita ngapi, sakafu ngapi, nani anaishi humo, na ana umri gani.

Hapo kwenye umri ndipo mambo yalipoharibika.

Katika kusomasoma nikakuta kwamba nyumba anayoishi mwenyewe mtu wa miaka 60 au zaidi imesamehewa. Nikaruka kwa furaha! Nikamuuliza, "Baba mkubwa, una miaka mingapi?" Akajibu, "Sitini na kitu." Nikaomba kitambulisho cha Taifa. Kimeandikwa tarehe 1 Julai 1967, siku ambayo naona nusu ya wazee wa ukoo wetu walizaliwa. Yaani ana miaka 58.

Jamani, haiwezekani. Mwaka 1972, kwenye Operesheni Kigoma, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, baba mkubwa alibeba nguzo za nyumba pamoja na babu. Hadithi hiyo ametuchosha nayo tangu tukiwa wadogo, hadi alama ya begani anaonyesha. Kwa kitambulisho chake alikuwa na miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano anabeba nguzo gani? Nilipombana akakiri kwamba siku ya kuandikishwa aliyejaza fomu alimkadiria kwa macho, naye akafurahi kuonekana kijana, akanyamaza.

Tukaenda hivyo hivyo, na bahasha yetu. Ofisi sitaitaja, maana kijana aliyetuhudumia hakuwa na kosa lolote. Alisimama, akampisha kiti, akasema, "Shikamoo mzee wangu." Akasikiliza. Suala la mita mbili akalielewa haraka. Akasema ni wajibu wa mwenye nyumba kutoa taarifa, nasi hatukuwahi kutoa, basi tujaze fomu. Tukajaza. Kisha tukafika kwenye msamaha wa wazee. Akaangalia kitambulisho, akamwangalia baba mkubwa, akaangalia tena kitambulisho. "Mzee wangu, kwa mujibu wa hiki, wewe bado."

Baba mkubwa alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona mkono wake unavyorudisha kile kitambulisho mfukoni polepole.

Matokeo basi. Makato ya mwezi uliofuata yalikuja kwenye mita ya pili kama kawaida, tukakata tamaa. Mwezi wa baada ya huo hayakuja, mwalimu akanitumia picha ya risiti na alama tatu za mshangao. Kuhusu 30,000 za nyuma, sheria inakuruhusu kuomba kurejeshewa kodi uliyolipa zaidi, lakini ushahidi ulete wewe. Mwalimu alikuwa amefuta meseji nyingi za luku. Tulipata za miezi 11 tu, tukaandika barua kwa hizo, na barua iko huko. Anayefuata njia hii ajue kwamba kupinga kunazuia makato ya mbele kirahisi kuliko kunavyorudisha ya nyuma, na atunze risiti zake.

Ngazi za juu zipo. Uamuzi wa kodi unaupinga kwa maandishi ndani ya siku 30, ukiwa umelipa kiasi usichokipinga au theluthi moja ya kodi yote, kile kilicho kikubwa. Ukishindwa hapo kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, kisha Baraza la Rufaa za Kodi, hatimaye Mahakama ya Rufani. Ni njia ya wenye viwanda. Kwa 1,500 nani atapanda basi kwenda kwenye bodi?

Nikamwambia baba mkubwa tuache. Kusahihisha umri kuna cheti cha kuzaliwa ambacho hana, kuna kiapo, kuna nauli, na nyumba yake inalipa 18,000 tu kwa mwaka. Kwa hesabu zangu tutatumia zaidi ya tutakachookoa.

"Hiyo elfu moja mia tano nitalipa," akasema. "Lakini ile miaka yangu waniandikie."

Sasa ushahidi tumeupata karibu kuliko tulivyodhani. Baba yangu mzazi ni mdogo wake, na cheti chake cha ubatizo kinasema amezaliwa 1964. Kwa makaratasi, mdogo ana miaka mitatu zaidi ya kaka yake na ameshavuka 60. Jumapili nilimpigia baba simu kumwomba nakala ya hicho cheti ili tukiambatanishe. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nitakutumia," akasema. "Ila mwambie kwanza anipigie, aniamkie shikamoo."