Kopo la Thamostati

Kopo ni la Kimbo, na upande mmoja rangi yake imeshaliwa na kutu. Mjane wa fundi mmoja wa Msambweni alimkabidhi mwandishi wa makala haya mwaka 2019, siku ya arubaini ya marehemu, likiwa limefungwa kwa kipande cha leso. "Mzee aliusia hili ulichukue wewe, mwanangu," alisema mama yule, asieleze zaidi. Ndani mlikuwa na thamostati 43 zilizopangwa kwa kubanana mpaka juu, kila moja imetolewa kwenye injini ya mtu na mkono uleule mmoja.

Mwandishi alizijua. Nyingine yeye ndiye aliyeshika tochi zikitolewa. Kidude hiki cha shaba na springi, kinachoenea kiganjani na kuzuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto, ndicho kilichomtenganisha na fundi huyo, mwalimu wake, tangu 1986. Baada ya hapo walikutana kwenye matanga na harusi tu, wakapeana mkono, wakaulizana hali za watoto, basi.

Mwandishi alizaliwa Gazi mwaka 1958, baba yake mvuvi ambaye pia alikata boriti za mikoko. Alimaliza darasa la saba, karo ikakosekana, akawa anashinda barabarani kutazama malori yakitoka kiwanda cha sukari cha Ramisi kwenda Mombasa. Moja likiharibika, yeye hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Mjomba wake akaona afadhali atazame kwa faida. Mwaka 1975 akamshika mkono mpaka chini ya mwembe wa fundi wa Msambweni, akamwacha hapo na kikapu cha nguo.

Fundi alikuwa amejifunzia kazi kwenye karakana ya kiwanda hichohicho cha Ramisi. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na sikio. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akasema kama beringi iliyokufa ni ya pampu ya maji au ya alteneta, na hakuna aliyewahi kumwona akikosea. Wateja walimletea Peugeot 504, Datsun, na Land Rover za idara za serikali. Kabla hajashika spana aliuliza maswali matatu, kwa mpangilio uleule kila siku: lilianza lini, nani aliligusa mwisho, na njiani uliambiwa nini?

Swali la tatu liliwashangaza wengi. Lakini yeye alijua kwamba gari likizimika popote kati ya Likoni na Lunga Lunga, halifiki kwa fundi kabla ya madereva watano kuinama chini ya boneti yake. Wakati mwingine ugonjwa aliokuja nao mteja ulikuwa ule wa kwanza ukiwa umejumlishwa na dawa zote alizopewa njiani.

Shule kubwa ya ushauri huo ilikuwa foleni ya feri ya Likoni. Siku hizi gari linaweza kupita barabara ya Dongo Kundu na daraja la Mteza, dereva asiione feri. Zamani, asiyetaka kuzunguka Kinango hakuwa na njia nyingine. Magari yalipangana juani, injini zikiunguruma bila kwenda, yakisogea hatua mbili na kusimama. Mahali kama hapo rejeta yenye udhaifu wowote hujitangaza. Mvuke ukitoka tu, watu hushuka kwenye magari yao kuja kusaidia, kwa moyo safi kabisa, na kila mmoja na lake. Vunja yai utie ndani. Tia bizari. Chota maji ya bahari, si hayo hapo! Washa hita uvumilie jasho.

Aliyesema washa hita alisema kweli, maana hita ni rejeta ndogo ya pili, na feni yake hupunguza joto la injini mpaka ufike penye kivuli. Aliyeshauri sabuni ya mche kwa tangi la petroli linalovuja alisema kweli pia. Petroli haiyeyushi sabuni, na kuna magari yaliyotoka Lunga Lunga mpaka Ukunda kwa kipande cha sabuni kilichosuguliwa kwenye ufa. Maji ya bahari ni sumu kwa injini. Yai nalo huziba tundu dogo kweli, kisha huendelea kuziba. Mwandishi aliwahi kuikata rejeta moja akakuta mirija ya katikati imejaa kitu cheupe kigumu kama mpira, na mwenye gari akakumbuka ghafla yale mayai mawili ya miezi minane nyuma.

Kufungua kifuniko cha rejeta ndilo kosa alilolifanya mwandishi mwenyewe, mwaka 1979, kwa kusikiliza sauti ya mtu aliyekuwa nyuma ya bega lake: "Fungua ipumue!" Maji kwenye sufuria huchemka nyuzi 100. Ndani ya rejeta, kifuniko kizima hushikilia shinikizo la karibu angahewa moja zaidi, na maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukikizungusha kifuniko, shinikizo linaondoka mara moja, na maji yaliyopita nyuzi 100 yanageuka mvuke palepale, usoni pako. Yeye aligeuza uso kwa bahati tu. Kovu liko kwenye mkono wa kulia, kuanzia kiwiko mpaka kifundoni. Kila mwanafunzi aliyepita kwake ameonyeshwa kovu hilo kabla ya kuonyeshwa spana.

Miaka ya kusikiliza foleni ilimfunza jambo ambalo mwalimu wake alilijua nusu. Dereva anayekushauri hukutajia ugonjwa wa gari lake mwenyewe. Huo ndio uliompata, ukapona, na anakupa dawa ile kama alivyopewa. Hasemi uongo. Lakini humwelewi mpaka umuulize: hilo gari lako lilikuwa gari gani, la mwaka gani, na lilikuwa likifanya nini lilipoharibika?

Kuna gari moja la kubebea watalii, miaka ya 1990, lililokuwa likilala hotelini Diani, hatua chache kutoka ufukweni. Asubuhi stata inagonga mara moja tu na taa zinafifia. Madereva wenzake walimwambia dereva betri imekufa, akanunua betri. Wakamwambia alteneta; akabadilisha alteneta. Alipofika kwenye banda la mwandishi, Ukunda, alikuwa ametumia mshahara wa mwezi. Mwandishi alifuata waya wa athi kutoka kwenye betri mpaka unapofungwa kwenye bodi, akakuta nati imekuwa kijani, na chini yake unga wa kutu uliotengenezwa na upepo wa chumvi. Msasa, grisi kidogo, nati ikakazwa. Gari likawaka. Wale madereva hawakuwa wajinga, ila magari yao yalilala Mombasa, mbali na ufukwe.

Sasa thamostati.

Imani ya mwalimu ilikuwa hivi. Ulaya kuna theluji, kwa hiyo gari linawekewa kizuizi ili injini ipate joto upesi. Sisi wa Pwani joto tunalo tangu alfajiri. Ya nini kuyazuia maji yasipite? Gari lolote lililoingia kwake kwa kuchemsha lilitoka bila thamostati, nayo ikadondoka koponi kwa mlio ambao mwandishi anausikia mpaka leo.

Haki yake apewe. Miaka ile madereva wa Msambweni na Diani walijaza rejeta kwa maji ya visima, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chumvi na chokaa. Angalia tu birika la nyumbani. Chokaa hiyo na kutu viliishika thamostati ikakwama imefungwa, na thamostati iliyokwama hivyo huua injini ndani ya dakika chache. Kupata mpya ilikuwa ni kuvuka feri, kutafuta Mombasa, na kurudi kesho yake. Kwa 504 ya mwaka 1975, yenye maji ya kisima, iliyokwama Msambweni Ijumaa jioni, kuitoa ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili. Mwandishi hajawahi kulikana hilo.

Kosa lilikuwa kuifanya sheria ya magari yote.

Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa shule ya msingi alileta Toyota yake kwa mara ya nne. Haikuwa na thamostati. Ilikwisha kutolewa safari ya kwanza. Ukienda nayo Diani, barabara tambarare, haina neno. Ukikunja Kombani kupanda Kwale, mji ulio karibu mita 400 juu ya bahari, inachemsha kabla hujauona msitu wa Shimba. Rejeta imesafishwa, pampu ni nzima, mkanda wa feni umekazwa. Mzee alikuwa ameanza kuisema silinda hedi.

Mwandishi aliazima kitabu cha ufundi cha gari hilo kutoka kwa dereva wa hoteli moja, akakisoma siku tatu usiku kwa kamusi na taa ya chemni. Mchoro ulimweleza alichokuwa akikitafuta. Thamostati ya injini ile ilikuwa na sahani mbili. Nta iliyo katikati ikiyeyuka, kwenye nyuzi 82 hivi, sahani ya juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo ya chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Maji hufuata penye wepesi. Sehemu yake kubwa huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Tambarare hilo huvumilika. Mlimani injini inatoa joto jingi, na rejeta inapewa maji machache ya kupoza.

Akanunua thamostati mpya Mombasa kwa pesa zake. Jumamosi jioni, mzee akiwa ameenda maulidi, akaifunga, kile kijipini cha kutolea hewa akikiweka juu kabisa ili hewa isibaki ndani. Kabla ya kuifunga alikwaruza ukingoni, kwa msumari, tarehe ya siku ile. Jumapili wakapanda Kwale yeye na mwalimu wa shule. Sindano ya joto ilisimama katikati, haikutingishika, mpaka sokoni.

Jumatatu alimweleza mzee mbele ya mwenye gari. Kumweleza mbele ya mteja lilikuwa kosa, na mwandishi analikubali. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Asiyesikia la mkuu," alisema, asimalizie. Akachukua spana namba kumi, akafungua boliti mbili, akaitoa thamostati ile mpya na kuidondosha koponi. Mchana huo mwandishi alifunga kikapu chake.

Alifungua banda Ukunda, na banda likamlea. Ramisi ilifungwa 1988, malori ya sukari yakaisha. Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliondoa watalii, na kwa muda mrefu hakukuwa na gari la hoteli la kutengeneza. Zikaja Probox, zikawa gari la kila mtu. Sasa magoti yamekataa, na banda amelikabidhi kwa binti aliyejifunza kwake miaka sita.

Binti ana mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na ni vizuri awe nayo. Ukiitoa thamostati kwenye gari la kisasa, kompyuta hugundua kwamba injini haifiki joto lake na huandika P0128. Injini isiyofika joto hula petroli zaidi, na oili yake huchafuka mapema kwa maji na petroli visivyokauka. Kwamba thamostati haitolewi ndilo jambo mwandishi alilolipigania kwa maneno, na sasa linatokea kwenye kioo.

Lakini vijana, hapa sikilizeni. Mashine inakutajia dalili. Haikwambii kwamba jana mtu alimwaga maji ya kisima, wala kwamba taminali imeliwa na chumvi ya Diani, wala yule jirani alimshauri nini mwenye gari. Mnasoma namba, mnanunua spea, mnafunga, namba inarudi, mnanunua nyingine. Mteja analipia majaribio yenu. Ulizeni yale maswali matatu. Mzee yule, kwa ubishi wake wote, hakuwahi kumuuzia mtu spea asiyoihitaji.

Baada ya arubaini, mwandishi alikaa uani na sufuria ya maji, kipimajoto na uzi. Alizitoa thamostati koponi moja moja kutoka juu, akaning'iniza kila moja isiguse chini ya sufuria, akasubiri ifunguke. Kumi na tisa zilikuwa zimekufa kwa kutu na chokaa, kama mzee alivyosema. Ishirini na nne zilifunguka na kufunga vizuri.

Ile yenye tarehe ya msumari ilifunguka kwenye nyuzi 82. Mzee aliendelea kutengeneza magari hadi 2011, miaka 25 baada ya siku ile. Juu yake koponi zilikuwa mbili tu.