Makopo Mawili

Sisi watu wa kandokando ya Ziwa hatununui kitu kwa kutazama bei peke yake. Tunanunua na jina. Mkulima wa Magu akiingia dukani kutafuta jembe, betri za tochi au sabuni, hutaja jina kwanza ndipo aulize bei. Jina ni ushahidi wa wale waliotangulia kununua. Sina ugomvi na desturi hiyo. Kwa jembe inafaa, maana jembe bovu hujionyesha katika msimu mmoja, na mwenyewe akalitupa. Lakini kipo kitu kimoja ambacho anayekitumia hawezi kusema kama ni kizuri au kibaya, na anayekinunua hakionji. Kitu hicho ni maziwa ya kopo ya mtoto mchanga.

Niseme mapema, msomaji asije akanielewa vibaya, kwamba maziwa ya mama hayana mshindani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine hadi afikishe miaka 2 na zaidi. Hata mama mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye zamani alitiwa hofu ya kumnyonyesha mwanawe, tangu mwongozo wa mwaka 2010 amekuwa akishauriwa kunyonyesha huku akitumia dawa zake bila kukosa. Kwa hiyo wenye kuhitaji kopo ni wachache. Lakini wachache hao wapo, na mmoja wao alizaliwa katika ukoo wetu.

Binti wa dada yangu alifariki siku ya pili baada ya kujifungua. Matanga yalikuwa hayajaondolewa tulipoitana kikao kuhusu jambo moja tu: mtoto atakula nini? Wazo la kwanza lilikuwa ng'ombe, kama unavyoweza kutarajia kwa Wasukuma. Muuguzi wa kliniki alitueleza kwa upole kwamba maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kupita uwezo wa figo za mtoto wa siku chache, na madini ya chuma yaliyomo ni haba. Wazo la pili lilikuwa ndugu yetu mmoja aliyekuwa ananyonyesha. Huyo alipimwa, akaonekana hana tatizo, akamnyonyesha mtoto kwa siku kadhaa. Lakini alikuwa mgeni wa msiba, na nyumbani kwake ni Sengerema. Likabaki kopo.

Dukani tulikuta makopo mawili. Moja lilikuwa la jina linalojulikana na kila mtu kuanzia Kisesa hadi Musoma. La pili lilikuwa na jina geni, na bei yake ilikuwa ya chini sana. Mkwe wetu, baba wa mtoto, hakutaka hata kulishika lile la pili. "Mjomba," aliniambia, "mama yake sikuweza kumpa chochote tena. Huyu asilelewe kwa kitu rahisi." Watu wote waliokuwapo wakanyamaza. Kauli ya mfiwa haijibiwi haraka.

Nami sikumjibu palepale, kwa sababu hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 2008 huko China maziwa ya watoto yalichanganywa na kemikali iitwayo melamini. Watoto 6 wakafariki na wengine wapatao 300,000 wakaugua. Lakini ukiichunguza habari hiyo utaona kwamba Sanlu, kampuni iliyokuwa katikati ya balaa lile, ilikuwa miongoni mwa majina makubwa nchini mwao. Na mwezi Februari 2022 huko Marekani, kampuni ya Abbott iliyaondoa sokoni baadhi ya maziwa yake ya Similac, jina ambalo akina mama wa huko wamelizoea miaka mingi. Jina, basi, si kinga. Tena majina yenyewe si mengi kama yanavyoonekana rafuni: NAN, Lactogen na S-26 yamekuwa chini ya mwenye mali mmoja, Nestlé, tangu mwaka 2012.

Kinachomlinda mtoto ni kiwango. Tume ya Codex, inayoendeshwa kwa pamoja na FAO na Shirika la Afya Duniani, iliweka mwaka 1981 kiwango cha maziwa ya watoto wachanga na kukirekebisha mwaka 2007: protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, chuma na vitamini kiasi gani. Katika nchi za Ulaya na Marekani maduka makubwa huuza maziwa yenye jina la duka lenyewe kwa bei ndogo. Mwaka 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilitamka wazi kwamba maziwa yote ya kuanzia yanayouzwa kihalali nchini humo yanatosheleza mahitaji ya mtoto, bila kujali jina wala bei. Hapa kwetu Magu sijaona duka linalobandika jina lake kwenye kopo la mtoto, lakini uamuzi ni uleule. Swali la kuuliza ni kama kopo limesajiliwa na Shirika la Viwango, TBS, ambalo lilikabidhiwa usimamizi wa chakula mwaka 2019. Kama tarehe haijapita. Na kama limeandikwa kwamba linamfaa mtoto tangu kuzaliwa.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kando ya makopo yale mawili palikuwa na la tatu, rahisi kuliko yote, maziwa ya unga ya kutia kwenye chai. Mtu mwenye haraka angeweza kudhani ni ndugu yao, kumbe si ndugu hata kidogo. Maziwa ya chai hayakutengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga, hata yakiwa na jina kubwa namna gani. Mpaka wa kweli ulikuwa hapo, wala haukuwa kati ya lile ghali na lile la bei nafuu.

Baada ya kulithibitisha lile kopo geni, tulirudi nyumbani tukapiga hesabu. Mtoto anayelelewa kwa kopo huhitaji takriban kilo 20 za unga katika miezi 6 ya mwanzo. Kwa makopo ya gramu 400, hayo ni makopo 50. Tuseme tofauti ya bei ni shilingi 5,000 tu kwa kopo. Kwa makopo 50 ni shilingi 250,000. Nikamuuliza mkwe wetu: kopo la kwanza tutalinunua kwa machozi, na la pili kwa michango ya msiba. La kumi na tano tutalinunua kwa nini, na pamba bado iko shambani?

Najua jibu lake, kwa kuwa tumeliona vijijini na limeonekana duniani kote. Kopo likikaribia kwisha na fedha hazipo, mlezi hupunguza kijiko na kuongeza maji. Chupa inajaa, mtoto ananyamaza, lakini anakonda huku kila mtu akiona anakunywa. Hilo ni sehemu ya kilio kilichosababisha watu wa Marekani kuanza kuigomea Nestlé mwaka 1977, na kilichoifikisha dunia Geneva mwezi Mei 1981, mataifa 118 yalipopitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa haya na taifa moja tu, Marekani, likapinga. Tanzania nayo ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Kanuni zile za dunia zinakataza kuweka picha ya mtoto kwenye kopo, maana waliozitunga walijua jinsi macho ya mzazi yanavyoweza kumnunulia asichokiweza.

Mkwe wetu aliinama muda mrefu. Kisha akasema, "Basi liwe hilo ambalo halitapunguzwa." Dada yangu, bibi wa mtoto, ndiye aliyeshika kazi. Alifundishwa kuchemsha maji na kuyatumia yakiwa bado moto sana, yasipungue nyuzi 70, kwa kuwa unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Kisha kuyapoza maziwa kabla ya kumpa mtoto. Alitumia kijiko cha kopo lilelile, kwani vijiko vya makopo tofauti havilingani, na kukisawazisha kwa kisu. Alimnywesha kwa kikombe badala ya chupa, maana kikombe husafishika. Yaliyobaki aliyamwaga, ingawa moyo ulimuuma. Kila mwezi mzani wa kliniki ulitupa majibu, na yalikuwa mema.

Wapo watakaosema kwamba aliye na uwezo anunue la jina, naye sina la kumzuia. Ninachosema ni kwa sisi wengine, ambao fedha yetu ina mwisho unaoonekana. Mzazi hupenda kuonyesha upendo wake kwa bei, hasa anapokuwa na uchungu, na hakuna aibu katika hilo. Lakini mtoto haijui bei. Anachokijua ni kijiko kilichojaa sawasawa, leo, kesho, na siku ile ambayo wageni wote wa msiba wamekwisha kwenda zao.