Kivuli Kilichokuwa Chini ya Ardhi

Tulihamia Dodoma mwezi wa Septemba mwaka 2017, mwaka mmoja na ushei baada ya Serikali kutangaza kwamba inahamia huko. Siku ya kwanza mama yetu mzazi alisimama katikati ya kiwanja, akajifunika uso kwa ncha ya ushungi kwa sababu ya vumbi, akauliza swali moja tu: “Wanangu, jua likifika utosini mtakaa wapi?”

Hatukuwa na jibu. Kiwanja chetu kipo upande wa Ihumwa, mita 30 kwa 40. Kabla ya kujenga tulikuwa tumelipa watu wafyeke kila kilichoota, na kilipobaki kitupu tulijisifu kwa usafi wake. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu mithili ya sakafu, na upepo wa kiangazi ulipita juu yake bila ya kizuizi.

Mama alitoka Tanga baada ya kumaliza eda ya baba. Kule aliacha uani kwake minazi, mlangilangi na miasumini aliyoipanda alipokuwa bibi harusi. Alikubali kuja kwa sharti: “Nitakaa mpaka Idi, kisha mnirudishe kwangu.” Sisi tulikaa kimya, lakini moyoni tulinuia kumfanyia bustani itakayomzuia asiondoke. Kwa hiyo tulikuja na miche sita ya minazi, mlangilangi mmoja, miasumini, na mrehani ndani ya kopo la rangi.

Hapo ndipo tulipokosea. Tanga mvua ya mwaka ni zaidi ya mara mbili ya mvua ya Dodoma. Huku hupatikana kiasi cha milimita 550 hadi 600, nayo hunyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili. Miezi mingine mbingu hufungwa. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mnazi ni mtoto wa pwani. Sisi tulipanda Septemba, kiangazi kikiwa kikali, tukategemea maji ya boza. Kila jioni tulimwaga madumu manane, na kila asubuhi tulikuta ardhi imekauka. Kufikia Novemba minazi yote sita ilikuwa imekufa, na mlangilangi uliifuata.

Jambo lililotuumiza zaidi halikuwa hasara ya fedha. Mama aliwaona watoto wa jirani wakipita na dumu kichwani, wakitoka kuteka mbali, nasi tumeshika ndoo tunamwagilia vijiti vikavu. Akatukumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kwenye mto unaotiririka. “Sembuse ninyi,” akasema, “mnaoyanunua. Hamuoteshi mti, mnamwagilia ufahari wenu.” Jioni ile tuliweka ndoo chini.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya Desemba. Baada ya wiki mbili tuliona machipukizi mengi yamejitokeza penye visiki vya miti tuliyoikata. Tukachukua majembe kuving'oa. Jirani yetu, mzee wa Kigogo, alikuwa akipita na mbuzi wake. Alisimama, akatoa salamu ya kwao, “Mbukwa,” kisha akauliza kwa upole tulikuwa tunang'oa nini. Tulipomjibu kwamba ni magugu, akacheka. “Hayo siyo magugu, wanangu. Huo ni mgunga. Juu mmeukata, lakini mizizi yake iko chini sana, na maji ya huko inayajua kuliko ninyi.”

Akatufundisha njia ambayo Dodoma huitwa kisiki hai. Katika kila kisiki huchaguliwa machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine hukatwa. Yaliyobaki hupunguzwa matawi ya chini ili nguvu iende juu, na hufungwa kitambaa ili kila mtu ajue kwamba mti huo unalelewa. Mti wa namna hii hauhitaji kumwagiliwa, kwa kuwa mizizi yake ni ya miaka mingi. Kiwanjani tulihesabu visiki tisa vilivyo hai. Mama alichana leso yake kuukuu, akafunga vitambaa yeye mwenyewe.

Kwa maji tulianza hesabu upya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 10 ni lita 800, nasi tulikuwa tukiiacha ipotelee barabarani. Tulifunga michirizi na tangi, na maji ya ziada tukayaelekeza kwenye mashimo yenye upana na kina cha sentimita 60, tuliyoyajaza udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Upande wa mteremko tukainua matuta ya umbo la mwezi mwandamo ili maji yasimame na kunywewa na ardhi. Juu tukatandaza nyasi kavu. Humo tulipanda mikomamanga na mizabibu, ambayo Dodoma imeizoea.

Na maji ya udhu je? Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Sisi tuko sita. Kila mmoja akitumia lita moja kwa kila Swala, kwa siku ni lita 30, yaani dumu moja na nusu. Tuliweka mfereji mdogo chini ya mahali pa kutawadhia, ukaishia kwenye mrehani na muasumini mmoja, ndiyo pekee iliyosalimika katika mizigo yetu ya Tanga.

Idi ilipofika, Juni 2018, migunga ilikuwa bado kiunoni. Tulitekeleza ahadi, tukamkatia mama tiketi ya basi. Usiku wa kuamkia safari akasema angependa kungoja mvua moja tu, aone kama mikomamanga yake imeshika. Tiketi ikapotea bure, na hatujanunua nyingine.

Leo migunga tisa imetandaza matawi yake. Mbuzi wa yule mzee huja kuokota maganda ya mbegu zake, nasi hatuwafukuzi, kwa kuwa kinacholiwa na mnyama katika upandaji wa Muislamu huandikwa sadaka. Mama bado hulalamika kwamba nazi ya sokoni haina tui. Lakini jua linapofika utosini, yeye ndiye wa kwanza kuchukua mkeka na kutoka nje.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuvitambua vilivyo hai kabla hatujaving'oa. Amin.