Mwiko wa mti wa avoka

GOMA – Familia moja iliyokimbia vita kutoka Masisi ilifika kwenye kambi ya Bulengo, magharibi mwa muji wa Goma, ikiwa na sufuria moja na blanketi mbili. Mwiko ulibaki nyumbani. Mama alianza kusonga bugali kwa kijiti alichookota njiani. Kijiti kilikuwa chembamba, na kila jioni watoto walikula bugali wenye mabonge.

Baba ni mkulima. Kambini hakukuwa na shamba, chini ni mawe ya volkano tu. Alibaki na panga lake na kisu kidogo. Kwenda kukata miti katika Hifadhi ya Virunga ni marufuku, na wanawake wengi wamebakwa wakitafuta kuni huko. Basi upepo ulipoangusha tawi la avoka kando ya barabara, alimwomba mwenye mti, akapewa.

Mti mbichi ni laini, kisu kinaingia bila kulazimisha. Alipasua tawi katikati na kuondoa kiini, maana kiini kikibaki, mti hupasuka unapokauka. Akachonga kwa kufuata nyuzi za mti, kisha akalainisha kwa kipande cha chupa. Jioni hiyo hiyo aliuweka mwiko karibu na moto ili ukauke haraka. Asubuhi ulikuwa na ufa tangu kichwani mpaka kwenye mpini. Mama aliutia jikoni kama kuni, hakusema kitu.

Wa pili aliuchonga kutoka nusu nyingine ya tawi. Huu aliufunika kwa maranda yake, akauficha chini ya kitanda, mbali na jua na moto.

– Baba, huu tutautumia lini? mtoto wake wa kiume aliuliza.

– Mti una maji yake, mwanangu. Ukiyafukuza kwa nguvu, unapasuka. Uyaache yatoke yenyewe.

Majirani walipoona, walimletea vijiti vyao. Mmoja alitaka mpini wa jembe, akalipa kopo la maharagwe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wakimbie baba alete chakula cha jasho lake.

Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi kwao. Mwiko ulikuwa haujakauka. Baba aliufunga ndani ya kitambaa pamoja na maranda, na familia ikashika njia ya Sake kwa miguu.

Nyumbani walikuta kuta bila mabati, na shamba limejaa majani. Jembe la zamani lilikuwa limetupwa nyuma ya nyumba, mpini umechomwa. Baba alimpa mtoto kisu na kumwonyesha tawi la kalitusi.

Jioni mama alifungua kitambaa. Mwiko umepinda kidogo, lakini hauna ufa. Aliuosha, akasonga bugali.

– Umepinda, alisema.

Watoto walikula, hakuna bonge hata moja.